Mwalimu Hatua na Somo la Kumi na Tisa

Ndugu na jamaa, majirani, walimu wenzake, wazazi wa wanafunzi, na wanafunzi wenyewe mliofika wengi kuliko viti tulivyoazima, familia imemtuma mdogo wake marehemu, mtoto wa tatu na wa mwisho, awasomee historia hii, naye anaomba radhi kwa mambo mawili, kwanza sauti yake imekauka kwa siku sita za kupokea simu, na pili karatasi hizi zilipitiwa jana na mtu mkali sana, yule aliyekaa mstari wa mbele mwenye kitambaa cha bluu kichwani, ambaye ni dada yetu mkubwa, na kila alipoona tumetia chumvi alisema futa, tukafuta.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mwalimu Hatua, alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili wa baba mpiga chapa na mama aliyekuwa akishona sare za shule kwa cherehani sebuleni. Alitanguliwa na dada, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1958, aliyechelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa na kusema, na ambaye daktari wa wakati ule alimtazama kwa dakika chache akamwambia mama asijichoshe, mtoto huyu hafundishiki. Mama hakuwa mtu wa kubishana na madaktari, alimshukuru, akambeba mwanawe mgongoni, akarudi nyumbani kuendelea kumfundisha kufunga vifungo.

Mwezi Januari 1968 baba aliwachukua wote wawili kwenda kuandikishwa katika shule ya msingi iliyokuwa upande wa pili wa reli, na kwa kuwa siku hizo umri ulipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa hadi mtoto ashike sikio la upande wa pili, dada, aliyekuwa na miaka tisa na huo ukiwa mwaka wake wa tatu wa kujaribu, alilishika sikio vizuri kabisa, hata akalivuta. Mwalimu mkuu alimuuliza jina lake mara mbili, dada akacheka tu, basi mwalimu akafunga daftari akasema, "Mzee, huyu mkubwa mrudishe akamsaidie mama yake, mdogo mwache." Baba alirudi na binti yake mkono mmoja, na mkono wa pili kabeba daftari jipya alilomnunulia, na daftari hilo mama hakulitupa.

Watu wengi hupenda kusema kwamba marehemu alizaliwa na moyo wa kufundisha, na mstari huo ulikuwemo humu hadi jana ulipofutwa, kwa sababu ukweli ni kwamba mama aliweka sheria, hakuna kwenda kucheza mpira kabla hujamwonyesha dada yako kitu kimoja ulichojifunza leo, na awe amekishika. Marehemu alipenda mpira kupita kiasi, ingawa hakuujua, kwa hiyo kila siku njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akikuna kichwa, katika yote waliyofundishwa leo ni kipi kifupi kuliko vyote, na hicho kifupi kinakatika mara ngapi ili dada akimeze haraka, wenzake wasije wakamaliza kipindi cha kwanza bila yeye. Alipokuwa darasa la tatu alikuwa ameshajua kwamba kuhesabu hadi kumi si kitu kimoja bali ni vitu kumi na vinne, na maarifa hayo, ambayo baadaye watu walisafiri kutoka mbali kuja kuyasikiliza kwenye semina, aliyapata akiwa na kiatu kimoja mguuni na macho yakiwa mlangoni.

Alimaliza elimu ya msingi Novemba 1974, akaendelea na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, akafanya kazi mwaka mmoja na nusu katika karakana ya baba akisafisha herufi za risasi kwa mafuta ya taa, kisha Julai 1980 akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Mei 1982. Tarehe 1 Julai 1982 aliripoti katika shule yake ya kwanza, akapewa darasa la tatu lenye watoto sabini na mmoja, na wiki haikuisha kabla hajaona kwamba watano kati yao hawakuwa watundu wala wavivu kama alivyoambiwa, bali walikuwa wakisubiri mtu awakatie somo vipande vinavyomezeka. Mwaka 1986 alirudi chuoni kusomea stashahada ya elimu maalumu, na Januari 1988 akafungua kitengo cha kwanza katika shule ile ile, ndani ya stoo ya madawati mabovu, akiwa na wanafunzi tisa, dirisha moja, na muhtasari wa masomo wa shule za kawaida ambao ofisa wa elimu alimkabidhi huku akimwambia, "Utapunguza mwenyewe, Mwalimu."

Neno hilo, utapunguza, lilimkera maisha yake yote, kwa maana aliona kwamba walimu wa vitengo walikuwa wakipunguza kila siku, leo wanatoa hesabu za sehemu, kesho wanatoa ramani, hadi mtoto anabaki na shanga za kutunga na nyimbo za kupiga makofi kuanzia Januari hadi Desemba, miaka saba. Yeye hakupunguza, yeye alipasua, na kama mada ilikuwa kubwa aliipasua hadi ikawa hatua, na kila hatua akaiandika kwenye karatasi yake, ndipo wanafunzi wakampa jina ambalo mke wake mwenyewe aliishia kulitumia. Jioni aliipeleka kazi nyumbani, akamkalisha dada mezani, akampimia, na dada akielewa lilikuwa somo, dada akipiga miayo karatasi ilikwenda kuwashia jiko, na kwa sababu hiyo alianza kumwita Mkaguzi Mkuu, na dada naye akaikubali kazi hiyo kwa moyo wote, mpaka leo.

Hapa pana jambo ambalo mke wa marehemu amesisitiza lisomwe. Mwaka 1989 marehemu aliandika somo la kufua shati, lowesha, paka sabuni, sugua kola, suuza, anika, hatua tano safi kabisa, akamwachia Mkaguzi Mkuu beseni na shati lake jeupe alilolinunua kwa ajili ya kwenda ukweni mara ya kwanza, yeye akatoka. Dada ni mtu wa kufuata maagizo, alianza kusugua kola baada ya chai ya asubuhi, akasugua hadi mchana, kwa sababu hapakuwa na mahali palipoandikwa aache, na marehemu aliporudi kola ilikuwa imeachana na shati, dada bado anasugua. Alikwenda ukweni hivyo hivyo na shati lisilo na kola, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni, baba mkwe akamuuliza kwa upole kama hiyo ndiyo fasheni ya walimu siku hizi. Tangu siku ile kila somo alilowahi kuandika, isipokuwa moja, lina hatua inayosema jinsi ya kujua kwamba inatosha, na neno la mwisho la hatua hiyo ni "acha", na walimu walioko hapa ni mashahidi.

Mke huyo alikuwa mkutubi wa chuo, na walifahamiana mwaka 1987 marehemu aliporudisha kitabu alichokipigia mistari ya penseli kurasa mia moja na kumi na mbili, mkutubi akampa kifutio, akamwonyesha kiti, na hakumruhusu kuondoka hadi ukurasa wa mwisho, jambo lililochukua siku mbili na ambalo shemeji yetu anasema lilimtosha kumjua kuwa ni mwanaume asiyekasirika haraka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1992, ambaye ni fundi wa miwani, na mvulana aliyezaliwa tarehe 27 Aprili 1996, ambaye anaendesha greda huko kwenye mradi wa barabara na amefika jana. Kuishi naye hakukuwa rahisi, nyumba nzima ilikuwa imebandikwa karatasi, namna ya kuzima pasi hatua sita, namna ya kufunga geti hatua nne, na hata wageni walikuta chooni hatua tisa, ya nane ikiwa kunawa mikono, na wapo waheshimiwa hapa waliozifuata.

Sasa tunafika mahali pagumu, na familia imekubaliana pasomwe. Jumatatu tarehe 3 Juni 1991 mama yetu alikufa ghafla, akiwa kwenye cherehani, na wazee wakakaa wakaamua kwamba dada, aliyekuwa na miaka thelathini na miwili na hakuwahi kulala siku moja mbali na mama, asiambiwe wala asizike, kwa kuwa hataelewa, na akielewa atafanya fujo makaburini. Alipelekwa kwa jirani, akafungiwa na redio na biskuti, na kwa kuwa palihitajika mtu wa kumweleza mama yuko wapi, wote tulimgeukia yule aliyejua kumweleza mambo. Marehemu alikaa naye, akampa maelezo kwa hatua tatu, mama amepanda basi, mama amekwenda mbali, mama anakuja, akamrudisha nyuma akampima, dada akazishika zote tatu siku ile ile. Marehemu alikuwa akisema, katika miaka thelathini na tisa ya kazi, hakuwahi kutoa somo lililoeleweka kama lile.

Dada akahamia kwa marehemu na mkewe, na kuanzia siku hiyo kila saa kumi jioni, basi la mchana linapoingia, alisimama mlangoni na ndara za mama mkononi, mvua inyeshe au isinyeshe, na alisimama hivyo kwa miaka miwili na miezi saba. Shemeji yetu alijaribu kumtuliza kwa kila namna, marehemu akabadilisha hata njia ya kurudi kutoka kazini, akawa anaingilia mlango wa nyuma ili asimkute pale, hadi Jumapili tarehe 9 Januari 1994 alipopiga moyo konde, akamshika mkono, akampeleka makaburini, akamwonyesha, akamweleza ukweli wote. Dada alitazama muda mrefu, akaziweka ndara chini, akamwambia, "Ulinifundisha vibaya," na hakumsemesha tena kwa siku kumi na moja. Marehemu alikwishapewa barua mbili za kumwita kwenye ofisi ya mitaala na zote mbili alizikataa, akisema anawapenda wanafunzi wake na hataki meza, lakini baada ya siku hizo kumi na moja aliandika mwenyewe kuomba, na tarehe 1 Machi 1994 akaanza kazi kama mkuza mitaala wa elimu maalumu, katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini, kilichopakana ukuta na choo, ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikigombea.

Kazi aliyoifanya katika chumba kile wenzake wataieleza vizuri zaidi, familia inasema tu kwamba alipoingia wanafunzi wenye ulemavu wa akili hawakuwa na mtaala, walikuwa na mabaki ya mtaala wa wengine, na alipotoka walikuwa na kitabu chao chenye masomo thelathini na tisa, mwongozo wa mwalimu, na cheti kinachotaja kwa majina mambo ambayo mwanafunzi anayaweza, badala ya ile karatasi ya zamani iliyosema amehudhuria. Kila somo lilipita mezani kwa dada, na ukurasa wa shukrani ukaandikwa kwamba masomo yamepimwa na Mkaguzi Mkuu, na kwa miaka kadhaa ofisi nzima iliamini kwamba huyo ni bwana mkubwa fulani kutoka wizarani, hakuna aliyethubutu kuuliza, hadi mwaka 2003 mkurugenzi alipoomba wakutanishwe. Marehemu akamleta dada akiwa na mkoba, dada akasalimia, akasimama mbele ya bango la ukutani linaloelekeza watu wakimbilie wapi moto ukitokea, akalitazama, akauliza, "Nianzie wapi?" na mkurugenzi alipolitazama naye akaona hajui, bango likashushwa wiki ile ile.

Kwanza aliandika masomo arobaini, na la kumi na tisa liliitwa Mtu Akifa, nalo lilikuwa na kurasa nne. Lilisema mtu huumwa au hupata ajali, lilisema mwili huacha kufanya kazi, haupumui, hausikii, hauoni njaa wala baridi, lilisema aliyekufa harudi, lilisema tunakwenda kumwona na tunakwenda kuzika pamoja na wengine, na lilisema tunalia, na hilo ndilo somo pekee la Mwalimu Hatua ambalo halikuwa na hatua ya kuacha. Jopo lilipokaa Februari 1998 kulipitia, mwenyekiti, mtu mwema aliyependa watoto kwa dhati, alisema, "Mwalimu, watoto hawa wana majonzi ya kutosha, tusiwaongezee," na marehemu akajibu, "Mheshimiwa mwenyekiti, majonzi wanayo tayari, wanachokosa ni maelezo," wakapiga kura, akashindwa kura tisa kwa mbili, na ile ya pili hadi leo hatujui ilikuwa ya nani.

Aliagizwa aliondoe, akaliondoa, lakini namba hakuzigusa. Kitabu kilipotoka Agosti 1998 somo la kumi na nane lilikuwa Kupanga Foleni Kliniki, na lililofuata lilikuwa la ishirini, Kuvuka Barabara, mpiga chapa wa kitabu hicho akapiga simu amepaniki akisema mzigo wote umeharibika, marehemu akamwambia aache hivyo hivyo, na bosi wake alipomtaka maelezo alijibu kwa maandishi kwamba kasoro hiyo itashughulikiwa katika toleo la pili, na toleo la pili likatoka mwaka 2009, baada ya jopo jingine kulikataa tena somo hilo, likiwa na pengo lile lile. Walimu si watu wa kuona pengo wakanyamaza, walianza kuandika barua, kutoka shule za mijini na shule ambazo barua zao zilichukua mwezi njiani, wote wakiuliza, somo la kumi na tisa liko wapi, na marehemu alimjibu kila mmoja kwa posta, bahasha moja, kurasa nne. Binti yake amezihesabu wiki hii katika majalada yaliyo chini ya kitanda, ni barua mia nne na kumi na mbili. Mwisho wa ukurasa wa nne wa kila nakala aliandika kwa mkono wake maneno matatu, somo hili halijapimwa, kwa kuwa lilikuwa somo pekee ambalo hakuwahi kuliweka mezani mbele ya dada, na alipoulizwa na mkewe anangoja nini alisema anaogopa.

Alistaafu tarehe 14 Mei 2021, akapewa saa ya ukutani, akarudi nyumbani kubandika karatasi nyingine. Mwezi Julai 2024 alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, akapungua haraka, na Jumatano tarehe 11 Septemba 2024, baada ya vipimo katika hospitali ya rufaa, daktari alimwambia kwamba ana saratani ya kongosho, imesambaa, na kwamba muda uliobaki ni wa kuhesabu kwa miezi. Shemeji anasema aliporudi hakulia wala hakula, aliingia chumbani, akavuta jalada, akatoa zile kurasa nne, na kesho yake asubuhi baada ya chai akamwita dada mezani, akamwambia, "Mkaguzi Mkuu, nina somo jipya, na anayekufa ni mimi."

Walisoma somo hilo kuanzia Septemba hadi Februari, hatua moja kila baada ya siku kadhaa, na sisi wengine tuliona ni ukatili, tukasema hivyo, msomaji huyu akiwa wa kwanza kusema na kwa sauti ya juu kuliko wote. Dada alielewa hatua ya kuumwa kwa sababu aliiona, akaelewa kwamba dawa zinashindwa, akaikataa kabisa ile ya kutorudi, akaondoka mezani, akarudi baada ya siku nne, akasema endelea. Walipofika mwisho marehemu akamuuliza, kama alivyomuuliza maisha yote, kama kuna kitu kimepungua, na dada, ambaye kila Jumamosi ya miaka thelathini na mitatu kucha zake zilikatwa na mdogo wake, akanyoosha mikono yote miwili mezani, akauliza, "Kucha nani atanikata?"

Marehemu alicheka hadi akashika tumbo kwa maumivu, akamwita mkewe akamwambia, miaka ishirini na sita nimetuma somo lina upungufu na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeliona. Aliandika hatua mpya hapo hapo, kazi alizokuwa akizifanya atazifanya nani, na wakakaa dada na yeye kuzigawa moja moja, kucha zikaenda kwa wifi yake, kliniki ya Jumanne ikaenda kwa binti, betri za redio zikaenda kwa huyu anayewasomea, ambaye alipigiwa simu kuthibitisha kama ameelewa ni betri za saizi gani, na dada hakuridhika hadi kila kazi ilipopata mtu. Wiki hiyo marehemu alimwandikia mkuu wa kitengo cha elimu maalumu aliyemrithi katika ofisi ya mitaala, akamtumia somo lililorekebishwa, bila kumwomba chochote.

Jumapili tarehe 16 Februari 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa nyumbani kitandani kwake, mke wake akiwa kichwani na binti akiwa miguuni, Mwalimu Hatua alikufa. Tunasema alikufa, hatusemi jingine, kwa sababu ndivyo lilivyo kwenye somo.

Na hapa mdogo wake lazima aseme lake, maana limewekwa humu kwa amri. Dada alikuwa jikoni, na msomaji huyu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeona kwa macho yake ile miaka miwili na miezi saba ya kusimama mlangoni, alishauriana na shangazi kwa haraka barazani, wakaafikiana kwamba dada apelekwe kwa jirani hadi mazishi yapite, akaingia jikoni, akajikaza kisabuni, akamwambia kwamba kaka amechukuliwa na gari kupelekwa hospitali kubwa. Dada aliweka kikombe chini, akampita, akaingia chumbani, akamshika marehemu mguu akasema baridi, akaweka kiganja karibu na mdomo wake, akangoja, akasema hapumui, akamwita jina lake, jina lake la utotoni ambalo hatujalisikia miaka mingi, akangoja tena, akasema hasikii, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia kwa sauti kubwa kuliko sisi wote, na alipopata pumzi alimtazama mdogo wake aliyesimama mlangoni na uongo wake, akamwambia bila hasira, "Wewe hujafundishwa." Hakuna aliyetaja tena nyumba ya jirani.

Siku tatu baadaye, Jumatano, mkuu wa kitengo alikuja kuhani, akakaa na dada mezani, akaomba ruhusa ya kuandika mwishoni mwa ukurasa wa nne kwamba somo hili limepimwa, na dada akamwelekeza mahali pa kuandika na akamtaka aweke tarehe. Kama jopo lijalo litalipitisha au halitalipitisha, familia haijui na haiwezi kuwaahidi, ila nakala zipo kwenye meza karibu na mlango, yeyote anayetaka achukue, na walimu mchukue na za wenzenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa waliomweleza ukweli mapema kiasi cha kuweza kuutumia, inamshukuru muuguzi aliyekuja nyumbani kila Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya maumivu na ambaye hakuwahi kuchelewa, inawashukuru majirani waliopika, waliotuazima viti na mahema, na yule wa nyumba ya kushoto aliyezima mashine yake ya kuchomelea wiki nzima bila kuombwa, inawashukuru wafanyakazi wa ofisi ya mitaala waliojaza basi zima, na inawashukuru wanafunzi wake wa zamani, akiwemo mwoka mikate aliyetuletea mikate ya leo, akakataa kabisa kusaidiwa kuibeba, akisema anaijua kazi yake. Kwa mke, kwa binti na kwa mwana tunasema poleni, mlimgawa kwa watu wengi na hamkulalamika sana.

Msomaji akimaliza tutatoka kuelekea makaburini, na utaratibu ni huu, jeneza litatangulia, nyuma yake atafuata dada peke yake, kisha mjane na watoto, kisha sisi wote. Mtamwona anakwenda polepole, na huenda akasimama njiani, na wengi mtatamani kukimbia kumshika mkono au kumtoa pembeni, tafadhali msimshike, ameomba mwenyewe atembee bila kushikwa, anajua anakokwenda, mpisheni njia tu na mwende kwa mwendo wake.

Pumzika sasa, Mwalimu, kwa amani yote uliyoitafuta, nasi tunakuja nyuma ya dada kukuzika.